Mradi wa mwaka wa nne usiishie kabatini

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za programu, nizungumzie jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu, nalo ni utafiti wa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Sisi Wakenya tunauita mradi tu. "Umemaliza mradi?" "Msimamizi amekubali mradi wako?" Kila aliyepita chuo kikuu anajua jasho lake.

Hoja yangu ni moja, na naiweka hapa juu kabisa ili asiye na muda aondoke nayo. Mradi wa shahada ya kwanza ni rekodi, si karatasi ya mtihani. Unastahili kuwekwa mahali unapoonekana, ukiwa na jina la aliyeufanya, tarehe, data zake, na msimbo wake kama ni wa kompyuta. Na hili lihusu vitivo vyote: kilimo, sheria, historia, isimu, uhandisi, uuguzi. Kwa sasa nyingi ya kazi hizi zinafia kabatini, na hasara hiyo tunailipa sote, hata sisi tulio hapa Keroka tunaodhani mambo ya chuo kikuu yako mbali nasi.

Kwanza tuelewane. Shahada zetu zimerithi utaratibu wa Waingereza. Ukipata alama 70 na zaidi unapewa daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu, 50 hadi 59 daraja la pili la chini, na chini ya hapo ni kupita tu hadi 40. Neno "heshima" limo ndani ya majina ya madaraja yale ya juu. Marekani mambo ni tofauti. Katika vyuo vingi vya huko, mwanafunzi anayetaka shahada ya heshima hujitolea mwenyewe kuandika tasnifu, na wengine humaliza bila kuandika. Kwetu, katika kozi nyingi, mradi ni lazima. Usipoufanya huvai joho.

Sasa hebu fikiria maana yake. Kila mwaka maelfu ya vijana wenye umri wa miaka ishirini na kitu wanatumwa vijijini, sokoni, hospitalini na mashambani kuuliza maswali na kuandika majibu. Je, kuna idara yoyote ya serikali yenye jeshi kubwa la watafiti kama hilo? Na jeshi lenyewe linajilipia nauli, fotokopi na chakula cha mchana!

Kisha kazi ikiisha inakwenda wapi? Mwanafunzi anachapisha nakala kadhaa pale saiba, zinawekwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, moja inakwenda kwa msimamizi, moja kwa idara, moja anakaa nayo. Hojaji zilizojazwa zinafungashia maandazi. Faili la data linabaki kwenye flashi, na flashi nazo mnazijua, leo ipo kesho imeliwa na virusi. Ukifungua hazina za kidijitali za vyuo vyetu utakutana zaidi na tasnifu za uzamili na uzamifu. Zile za shahada ya kwanza mara nyingi hazina bahati hiyo.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, na hilo linanikutanisha na jambo hili kila mwaka. Kuanzia mwezi wa pili simu zinaanza. "Kaka, nahitaji mfumo. Kama unao wa zamani, hata huo." Mfumo gani? Wa kusimamia hospitali, wa kusimamia maktaba, wa kusimamia shule, au wa kusimamia nyumba za kupanga. Mwaka jana hivyo, mwaka juzi hivyo, mwaka ujao hivyo. Nikimuuliza kijana kama amesoma mradi wa mtu mwingine aliyewahi kufanya jambo hilo hilo, ananishangaa. Angeusoma wapi? Hakuna mahali. Kwa hiyo kila kundi linaanza sifuri, kana kwamba halikutanguliwa na mtu.

Kuna wanaosema hilo ni kosa la wanafunzi, kwamba ni wavivu. Sikubali. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa kawaida wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Pamoja na akili zake, alikuwa na bahati ya kuweka kazi yake mahali ambapo wengine waliweza kuichukua, kuisoma, kuikosoa na kuiongezea. Angeiweka kabatini pale idarani, leo simu za Android zisingekuwa na Linux ndani yake.

Tuje nyumbani. Nani hajasikia ile hadithi kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kenya, akaibiwa wazo lake? Nimeisikia kwenye matatu, kinyozi na hata kanisani. Historia inayojulikana ni kwamba wazo lilikuzwa na Vodafone kwa msaada wa fedha kutoka DFID, iliyokuwa idara ya misaada ya serikali ya Uingereza. Jaribio likafanyika mwaka 2005, mwanzoni likilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu, na Safaricom ikaizindua kwa umma mwezi wa Machi 2007. Kampuni zenyewe zimekanusha ile habari ya mwanafunzi.

Lakini hadithi haifi. Kwa nini? Kwa maoni yangu, haifi kwa sababu inawezekana kuiamini. Kila mtu anajua kwamba mwanafunzi wa Kenya anaweza kuandika jambo zuri, likakabidhiwa ofisini, na kusiwe na alama yoyote ya kuonyesha kwamba aliwahi kuliandika. Kama miradi yote ya miaka ile ingekuwa kwenye orodha iliyo wazi yenye tarehe, ubishi huu ungemalizika kwa dakika tano. Mtu angetafuta, akakuta au asikute, basi. Pasipo rekodi, mwizi yuko salama, na mtu asiyeiba naye hawezi kujisafisha. Wote wawili wanabaki na uvumi.

Hebu tulinganishe na wenzetu. Chuo Kikuu cha Princeton kule Marekani kinahifadhi tasnifu za wanafunzi wake wa shahada ya kwanza tangu miaka ya 1920. Mwaka 1989 mwanafunzi mmoja, Wendy Kopp, aliandika tasnifu ya kupendekeza kikosi cha kitaifa cha walimu vijana. Kutoka kwenye tasnifu hiyo likazaliwa shirika la Teach For America. Na mwaka 1985 mwanafunzi wa sosholojia aitwaye Michelle Robinson aliandika tasnifu juu ya wahitimu Weusi wa chuo hicho. Mwaka 2008 mumewe, Barack Obama, alipokuwa akigombea urais, waandishi wa habari waliikimbilia. Chuo kilizuia isomwe kwa muda, kisha wanakampeni wenyewe wakaitoa. Miaka 23 ilikuwa imepita na kazi bado ilikuwepo! Nauliza, ni mhitimu yupi wa Kenya wa mwaka 1985 ambaye mradi wake unaweza kupatikana leo jioni?

Msidhani hili ni jambo la wazungu tu. Ukisoma tanbihi za vitabu vya historia ya Kenya vilivyoandikwa miaka ya 1970 na 1980, utakuta tasnifu za B.A. za Chuo Kikuu cha Nairobi zimetajwa kama ushahidi. Wanafunzi walirudi kwao wakati wa likizo, wakakaa na wazee, wakaandika walichosimuliwa juu ya uhamaji, koo na vita. Wale wazee sasa wamelala. Hakuna tena wa kuwauliza. Yale majalada ndiyo yaliyobaki na sauti zao, na mtu aliyeko Keroka hawezi kuyasoma bila kupanda basi hadi Nairobi akiwa na barua ya kumruhusu kuingia maktabani.

Naam, Keroka. Mji wetu umekaa kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti mbili unapita hapa hapa. Upande mmoja Kisii, upande wa pili Nyamira. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, mvutano juu ya nani akusanye ada mjini umezuka tena na tena, na wafanyabiashara wamelalamika hadharani kwamba wanatozwa na pande zote mbili. Kwa mama anayeuza ndizi au parachichi, hilo ni suala la kula au kulala njaa.

Sasa tazama jinsi fani tofauti zinavyoweza kulikabili jambo hilo moja. Mwanafunzi wa sheria atafungua Katiba ya 2010. Ataona kuwa kifungu cha 209 kinazipa kaunti haki ya kutoza ada za huduma, na kwamba kifungu cha 188 kinafanya kubadilisha mpaka wa kaunti kuwa safari ndefu ya tume huru na kura za mabunge yote mawili. Mwanafunzi wa jiografia atatembea na simu yenye GPS, aonyeshe mpaka unapita kibanda gani. Mwanafunzi wa historia atauliza mji ulikuaje na mpaka ulikujaje. Mwanafunzi wa uchumi atawauliza wauzaji wanalipa kiasi gani, kwa nani, na mara ngapi kwa wiki. Na mwanafunzi wa kompyuta? Yeye atatengeneza mfumo wa kukusanya ushuru.

Hapo kwa mwanafunzi wa kompyuta ndipo moyo wangu unapouma. Nawajua wenzangu, na najua hifadhidata atakayochora. Kutakuwa na jedwali la wafanyabiashara, na ndani yake safu moja iitwayo "kaunti". Mfanyabiashara mmoja, kaunti moja. Ukiwa Nakuru mjini mfumo huo utafanya kazi vizuri. Ukiuleta Keroka umekwama siku ya kwanza, maana hapa kibanda kimoja kinaweza kuwa na risiti mbili kutoka ofisi mbili, na wenye ofisi hawakubaliani kibanda kiko wapi. Msimbo wake hautakuwa na hitilafu hata moja, na bado mfumo utakuwa bure.

Angekuwa amesoma ramani ya yule wa jiografia na hesabu za yule wa uchumi, angejua mapema kuwa risiti inapaswa kuwa na jedwali lake, ikihusishwa na kibanda na ofisi iliyoitoa. Mama wa ndizi angeweza kuonyesha kwa simu yake kwamba leo ameshalipa, na alimlipa nani. Ni mabadiliko madogo kabisa, ya nusu saa ya kazi. Lakini maarifa ya kuyafanya yako kwenye kabati la kitivo kingine.

Vivyo hivyo kwenye majani chai. Kiwanda cha Kiamokama kiko upande wa Kisii, cha Nyansiongo upande wa Nyamira, na wakulima wa huku wanapeleka majani kwenye viwanda vya namna hiyo kila wiki. Wa kilimo anaweza kupima udongo, wa biashara akauliza juu ya malipo ya bonasi, wa afya akachunguza mikono na migongo ya wachumaji. Fikiria data zao zote zikiwa mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka. Baada ya miaka kumi tungekuwa na picha ya eneo hili ambayo hakuna mfadhili angekubali kuilipia.

Maana mpaka sasa picha hiyo tunachorewa na wageni. Ukitaka kusoma jinsi Abagusii walivyolea watoto wao, utaelekezwa kwa vitabu vya Robert LeVine na wenzake kutoka Marekani, waliofanya utafiti huku miaka ya 1950 na tena miaka ya 1970. Kitabu chao kikubwa juu ya malezi kilitoka mwaka 1994. Sina ugomvi nao. Walifanya kazi kwa bidii, wakaandika, wakachapisha. Ndiyo maana wanasomwa. Lakini ni wangapi kati ya watoto wa Nyaribari, Kitutu na Borabu waliosomea sosholojia na saikolojia, wakaandika juu ya malezi ya kwao, kwa lugha wanayoijua tangu tumboni? Kisii yenyewe ina chuo kikuu kamili tangu mwaka 2013. Kazi zipo, isipokuwa hazionekani.

Na kwa sisi wa kompyuta kuna hasara ya ziada, yaani lugha. Programu za siku hizi za kutafsiri na kuzungumza hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokusanywa. Watafiti wa vyuo vya Kenya walipokusanya mkusanyo uitwao Kencorpus, walichagua Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kazi nzuri sana. Ekegusii haikuwemo, ingawa sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7. Wanafunzi wa isimu wanarekodi Ekegusii kwa miradi yao. Wanarekodi mahojiano, methali, nyimbo za harusi, mazungumzo ya sokoni. Rekodi hizo zikishatolewa alama, zinafutwa ili simu ipate nafasi ya picha. Tunafuta lugha yetu, kisha tunalalamika kwamba kompyuta haituelewi!

Kuna jambo jingine, na hili huwa hatulisemi kwa sauti. Vijana wetu wengi wenye shahada wanajipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford anawafuatilia waandishi hao wa Kenya. Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kupiga marufuku biashara hiyo kule England. Mtu anaamka asubuhi anaandika juu ya falsafa, mchana uuguzi, usiku uchumi, kwa viwango vya vyuo vikubwa duniani. Asiniambie mtu kwamba Mkenya hawezi utafiti.

Tazama ajabu ya mambo hayo. Kazi anayoifanya kwa jina la mwingine inasomwa, inasahihishwa na kuhifadhiwa. Ile moja aliyoifanya kwa jina lake mwenyewe iko kabatini inakula vumbi. Je, akitafutwa kwenye intaneti na mwajiri, ataonyesha nini? Cheti kinasema alipita. Mradi ungeonyesha anaweza kufanya nini.

Najua pingamizi zitakazokuja, maana nimezisikia mara nyingi. Nizijibu moja moja.

Ya kwanza: "Kazi nyingi za shahada ya kwanza ni mbovu, zitaaibisha chuo." Ni kweli nyingi ni mbovu. Lakini ni mbovu kwa sababu kila mtu anajua hakuna atakayezisoma zaidi ya msimamizi, na wakati mwingine hata yeye anapitia ikisiri na hitimisho tu. Mtu akijua kazi yake itasomwa na mama yake, na mchumba wake, na mtu wa ajira, anaandika kwa adabu zaidi. Sisi waandishi wa programu tunalijua hili. Msimbo utakaoonwa na wengine tunaupanga vizuri kabla ya kuutoa.

Ya pili: "Mawazo yataibiwa." Nimeshaeleza kwamba giza ndilo linalomfaa mwizi. Kazi iliyowekwa hadharani ina tarehe na jina. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, maandishi yako na programu yako vinalindwa tangu ulipoviandika. Ila wazo tupu halilindwi na hakimiliki, hilo lielewekeni. Kwa hiyo kama unaamini una uvumbuzi wa kupewa hataza, nenda KIPI kwanza kabla ya kuchapisha chochote. Wengi wetu hatuna uvumbuzi wa aina hiyo, tuna kazi nzuri tu inayohitaji kuonekana.

Ya tatu: "Siri za watu waliohojiwa." Hii ndiyo pingamizi nzito, na wanaoileta wako sahihi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na lazima iheshimiwe. Huwezi kuweka kwenye intaneti jina na namba ya simu ya mtu aliyekueleza ugonjwa wake au deni lake. Lazima uondoe majina, namba, na alama nyingine zinazomtambulisha. Katika mji mdogo kama wetu uende mbali zaidi. Ukiandika "mwanamke, miaka 61, mshona viatu, karibu na stendi", kila mtu ameshamjua! Pia umwambie mtu tangu mwanzo kwamba majibu yake yatahifadhiwa, ili akubali au akatae. Kama data haziwezi kusafishwa, usiziweke. Weka maelezo ya jinsi ulivyozikusanya, na hojaji tupu. Hata hiyo ni msaada mkubwa kwa atakayekuja nyuma yako.

Ya nne: "Hakuna fedha." Hapa ndipo uwanja wangu, kwa hiyo naomba mniamini kidogo. Programu ya DSpace, ambayo vyuo vingi vya Kenya vinaitumia kwa tasnifu za uzamili, ilitolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya HP, na ni ya bure. Seva zipo. Mtandao wa KENET umekuwa ukiunganisha vyuo vyetu tangu mwaka 1999. Tasnifu moja ya PDF ni ndogo kuliko video moja ya mzaha mnayotumiana kwenye WhatsApp. Kinachokosekana ni kanuni ya mistari michache kutoka seneti ya chuo, kwamba mwanafunzi haidhinishwi kuhitimu mpaka ameweka kazi yake kwenye hazina.

Na maelezo ya kuiambatanisha si mengi. Tangu mwaka 1995 wakutubi wana utaratibu uitwao Dublin Core, wenye vipengele 15 tu: jina la mwandishi, kichwa, mada, tarehe, lugha, haki na vinginevyo. Mimi ningeongeza kimoja tu kwa ajili yetu, tena kiwe cha lazima, nacho ni mahali utafiti ulipofanyika. Hapo mtu angeandika "Keroka" na kupata yote yaliyowahi kuandikwa juu ya Keroka, awe aliyeandika ni wa sheria, wa kilimo au wa kompyuta. Kuta za vitivo zingeanguka kwa neno moja.

Lakini tusingoje seneti. Kama wewe ni mwanafunzi, au umemaliza na jalada lako liko chini ya kitanda kwa mzazi, unaweza kuanza leo. Hivi ndivyo ningefanya mimi.

Moja, zungumza na msimamizi wako, uhakikishe chuo hakina masharti juu ya kazi hiyo. Wengi watakubali kwa furaha.

Mbili, safisha data. Ondoa majina. Kama ziko kwenye SPSS au Excel, zihifadhi pia kama CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye koma kati ya safu na safu. Programu za kulipia zinabadilika na leseni zinakwisha, lakini CSV itafunguka hata miaka 30 ijayo.

Tatu, andika ukurasa mmoja wa maelezo kwa lugha rahisi: ulifanya nini, wapi, lini, uliwauliza watu wangapi, kila safu ya data inamaanisha nini. Ukiweza, uandike kwa Kiswahili pia, ili waliokujibu maswali waweze kusoma walichokusaidia kukijenga.

Nne, kama una msimbo, uweke GitHub ukiwa na leseni inayoruhusu wengine kuutumia. Bila leseni, kisheria hakuna anayeruhusiwa kuugusa.

Tano, pakia vyote Zenodo. Ni hifadhi ya bure iliyoanzishwa mwaka 2013 na inaendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ambako Tim Berners-Lee alibuni wavuti mwaka 1989. Nafasi ni hadi gigabaiti 50 kwa kazi moja, na utapewa namba ya kudumu iitwayo DOI, ambayo watu wanaweza kuitaja kwenye tanbihi zao. CERN nayo, kama Keroka, imekaa juu ya mpaka, nusu Uswisi na nusu Ufaransa. Wao wamefanya mpaka kuwa mahali pa kukutana.

Kwa wahadhiri nina ombi dogo. Mwanafunzi akija na pendekezo la mradi, mwulizeni swali moja la ziada: ni mradi gani wa kitivo kingine, uliofanyika eneo hilo hilo, ambao ameusoma? Mwaka wa kwanza wa swali hilo jibu litakuwa "hakuna". Mwaka wa tatu au wa nne, kama kazi zimeanza kuwekwa wazi, majibu yataanza kuja. Na yule kijana wa kompyuta ataacha kunipigia simu akiomba mfumo wa zamani wa hospitali.

Ni hayo tu kwa leo. Kama unao mradi uliofanya juu ya Kisii au Nyamira, wa fani yoyote na wa mwaka wowote, niambie kichwa chake na mwaka. Niko tayari kukaa Jumamosi moja na yeyote anayehitaji msaada wa kusafisha data na kuzipakia, bila malipo, ila chai ya mkandaa utanunua wewe. Nawasilisha.